Hivi ni dhehebu ndo linaokoa? Tulifungue hili fundo taratibu

Rafiki yangu mmoja ana bahasha ya kaki anaihifadhi pamoja na vyeti vyake vya shule, na ndani ya hiyo bahasha kuna vyeti vitatu vya ubatizo, vyote vyake. Cha kwanza ni cha utotoni, karatasi imeshakuwa ya njano na chini kuna alama ya dole gumba ya wino wa bluu, ni ya bibi yake aliyemsimamia siku hiyo. Cha pili alikipata akiwa kijana, kanisa alilohamia walimwambia ule wa utotoni haukuwa ubatizo maana mtoto mchanga hawezi kuamini, basi akabatizwa kwa maji mengi. Cha tatu ni cha miaka michache tu nyuma, safari hii akaambiwa maji mengi ni sawa ila maneno yaliyotamkwa ndo hayakuwa sawa, ilitakiwa abatizwe kwa jina la Yesu, akaingia tena majini. Juzi kavipanga vyote vitatu mezani akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "sasa mimi hapa nimeokoka au bado?"

Lile swali limenikaa moyoni, na najua haliko kwake peke yake, kuna watu wengi wanalala nalo kila usiku na hawana wa kumuuliza kwa sababu kila wanayemuuliza ana kanisa lake la kuwavutia. Kwa hiyo naandika kwa urefu kidogo, vumilia.

Tuanze na neno lenyewe maana nusu ya ugomvi iko humo. Sisi kwa Kiswahili neno "kanisa" tumelibebesha mizigo minne. Kuna jengo, nimepita kanisani nimekuta pamefungwa. Kuna watu waliokusanyika, kanisa lisimame tuombe. Kuna dhehebu, lenye jina na katiba na viongozi, pale mtu anapokuuliza we unasali kanisa gani. Halafu kuna lile la nne, watu wote wa Kristo, waliokufa na walio hai, wa kila lugha, ndo lile linalotajwa kwenye kanuni ya imani ya mwaka 381, kanisa moja, takatifu, katoliki na la mitume, na hilo "katoliki" hapo maana yake ni la wote, la ulimwengu mzima, ndo maana hata makanisa mengi yasiyo ya Kikatoliki yanaikiri kanuni hiyo hiyo. Sasa mtu akikwambia nje ya kanisa hakuna wokovu, kabla hujaogopa muulize, kanisa lipi kati ya hayo manne? Mara nyingi utagundua ameanza sentensi akiwa na lile la nne na ameimaliza akiwa na la tatu, tena bila mwenyewe kujua. Hapo ndo watu wanapoumizwa.

Na neno "kuokoka" nalo lina mambo yake. Kwa wengine kuokoka ni siku na tarehe, nilimpokea Yesu mwezi fulani saa fulani. Kwa wengine ni safari ya maisha yote. Ukimsoma Paulo utakuta vyote vimo, Waefeso 2:8 anasema mmeokolewa, 1 Wakorintho 1:18 anasema sisi tunaookolewa, Warumi 5:10 anasema tutaokolewa, yaani jana, leo na kesho. Mtu ambaye wokovu kwake ni tarehe tu hawezi kuona vizuri kanisa la nini, ameshapata, imeisha. Yule ambaye ni safari anaona wazi kabisa kwamba peke yake atachoka njiani. Kwa hiyo hawa wawili wanaweza kubishana usiku kucha kumbe kila mmoja anajibu swali lake.

Hiyo kauli yenyewe ya "nje ya kanisa hakuna wokovu" imetoka wapi? Wengi wanadhani ni andiko, si andiko. Inajulikana zaidi kutoka kwa Cyprian, askofu wa Carthage, Afrika ya Kaskazini, sehemu ambayo leo ni Tunisia. Na hapa naomba tukae kidogo kwa sababu ukijua alikuwa anaongea na nani utaielewa tofauti. Mwaka 250 kaizari Decius aliamuru watu watoe sadaka kwa miungu ya Roma mbele ya maafisa, ukishatoa unapewa hati ya kuthibitisha, na baadhi ya hizo hati zimekutwa Misri zikiwa kwenye mafunjo mpaka leo zinasomeka. Wakristo wengine walikataa wakafungwa na kuuawa, wengine wakatoa sadaka kwa woga, wengine wakaenda kununua tu hati bila kutoa sadaka yoyote. Mateso yalipopoa wale walioanguka wakarudi wanalia wanataka kupokelewa. Roma kulikuwa na padri anaitwa Novatian, yeye akasema hapana, kanisa halina ruhusa ya kuwasamehe hao, na mwaka 251 akajifanya askofu upande wake mbali na askofu aliyechaguliwa. Cyprian akasimama upande wa kuwapokea baada ya toba, na ndo kwenye fukuto hilo akaandika kwamba huwezi kuwa na Mungu kama Baba kama huna kanisa kama mama.

Umeona? Alikuwa anawaambia watu waliolijua kanisa, wakalivunja, wakaanzisha lao la kushindana na mlango wake wakaufunga kwa wenye dhambi. Hakuwa anaongea na mtu ambaye hajawahi kusikia Injili, wala na binti aliyezaliwa miaka 1,700 baadaye kwenye familia ya dhehebu jingine akalelewa humo na kumpenda Yesu humo humo.

Ila tuwe wakweli, Cyprian alikuwa mkali pia. Ile kauli yenyewe kaiandika kwenye barua kuhusu ubatizo, akishikilia kwamba waliobatizwa na makundi yaliyojitenga hawajabatizwa kabisa, wakija wabatizwe. Tarehe 1 Septemba 256 maaskofu 87 walitoa kura zao pale Carthage wakakubaliana naye. Stephen, askofu wa Roma, akakataa katakata, akasema desturi ni kuwawekea mikono tu, maji yasirudiwe. Waligombana vibaya hawa wawili. Stephen akafa 257, Cyprian akakatwa kichwa kwa ajili ya imani 258, wakaondoka ugomvi haujaisha, na leo kanisa la Roma linawaheshimu wote wawili kama watakatifu. Baadaye mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Arles mwaka 314 ukafuata njia ya Roma, kama alibatizwa kwa Baba, Mwana na Roho Mtakatifu basi awekewe mikono, asirudishwe majini. Rafiki yangu na vyeti vyake vitatu hakujua kabisa kwamba kilio chake kimeshawahi kuwagombanisha maaskofu kabla hata dola ya Roma haijaacha kuwaua Wakristo.

Miaka kama 150 baada ya Cyprian akaja Augustine, askofu wa Hippo, Afrika hiyo hiyo, akakutana na Wadonatisti, kundi lililojitenga na kanisa. Hawa walisema sakramenti ya mhudumu aliyesaliti haina nguvu, na wasaliti waliowalenga ni viongozi walioshutumiwa kukabidhi Maandiko yachomwe wakati wa mateso yaliyoanza 303. Jibu la Augustine mimi naliona zuri sana mpaka leo: ubatizo ni wa Kristo. Abatize Petro ni Kristo anabatiza, abatize Yuda ni Kristo anabatiza. Na akaongeza kwamba kuna kondoo wengi wako nje na mbwa mwitu wengi wako ndani. Hata hivyo hakufungua kila kitu, yeye alifundisha kwamba ubatizo wa nje ni halali lakini hauzai matunda mpaka mtu arudi kwenye umoja. Halali lakini haufaidishi, ni msimamo wa katikati ambao wengi leo wanausahau, wanachukua nusu wanayoipenda.

Karne za kati kauli ikakazwa. Mtaguso wa Laterano wa 1215 uliiweka kwenye tamko la imani. Mwaka 1302 Papa Bonifasi VIII, akiwa kwenye ugomvi mzito wa madaraka na mfalme Philip IV wa Ufaransa, akatangaza kwamba kumtii Papa ni lazima kwa wokovu. Mwaka 1442 kwenye mtaguso wa Florence yakatoka maneno makali kuliko yote. Ni muhimu kujua kwamba watu wa Ulaya wakati huo waliamini Injili imeshafika karibu kila mahali, aliye nje basi amekataa kwa makusudi. Halafu mwaka 1492 wakakutana na mabara yenye mamilioni ya watu ambao hawajawahi kulisikia jina la Yesu hata mara moja, na swali likabadilika uso ghafla. Hao wamekataa nini? Mtaguso wa Trento mwaka 1547 ulipozungumzia ubatizo uliandika "au tamaa yake", na huo ubatizo wa tamaa ukawa mlango wa kufikiria upya.

Watu wengi wa upande wa Kiprotestanti wanadhani Luther na Calvin, waanzilishi wa Uprotestanti, walikuja kusema kanisa halina haja, mimi na Yesu wangu inatosha. Si kweli hata kidogo! Calvin aliliita kanisa mama, akasema nje ya kifua chake hakuna tumaini la kusamehewa dhambi, yaani ni kama unamsikia Cyprian. Walichobadilisha ni jibu la "kanisa lipi". Ukiri wa Augsburg wa 1530, tamko la imani la Walutheri, unasema kanisa lipo pale Injili inapofundishwa kwa usafi na sakramenti zinapotolewa inavyopasa, basi, hausemi lipo pale penye jina fulani kwenye bango. Na Ukiri wa Westminster, tamko la imani la Wapresbiteri la miaka ya 1640, unasema nje ya kanisa linaloonekana hakuna uwezekano wa kawaida wa wokovu. Hilo neno "kawaida" mimi huwa natulia nalo kidogo kila nikilisoma. Hawakusema hakuna kabisa. Walisema njia ya kawaida ni hii, ila Mungu mwenyewe hajafungwa kamba.

Kwa Wakatoliki kuna kisa cha karne iliyopita kinachosaidia kuelewa. Padri mmoja Mjesuiti wa Boston, Leonard Feeney, alifundisha kwamba asiye Mkatoliki kwa ubatizo wa maji na uanachama kamili haokoki, nukta. Mwaka 1949 Roma ikaandika barua kueleza kwamba fundisho la nje ya kanisa hakuna wokovu linabaki, ila hiyo tafsiri yake siyo, mtu anaweza kuwa ameunganishwa na Kanisa kwa shauku hata ile asiyoweza kuieleza kwa maneno. Feeney hakukubali, akaitwa Roma akakataa kwenda, na 1953 akatengwa kwa kutotii. Alipatanishwa na Kanisa 1972, akafa 1978.

Halafu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwenye hati ya Kanisa ya Novemba 1964, namba 14 ikasema jambo ambalo linakata pande zote mbili na nashangaa watu wanavyolinukuu nusu. Upande mmoja, anayejua kabisa kwamba Kanisa Katoliki limewekwa na Mungu kwa njia ya Kristo kuwa la lazima, na bado akakataa kuingia au kudumu humo, hawezi kuokolewa. Upande mwingine, aliyemo ndani kwa mwili lakini hadumu katika upendo naye haokoki, hata awe na kadi na vyeti vyote. Na namba 16 inawataja wasioijua Injili bila kosa lao, wanaomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, kwamba nao wanaweza kuupata wokovu. Hati nyingine ya mwaka huo huo kuhusu umoja inasema Roho wa Kristo hakukataa kuyatumia makanisa na jumuiya zilizotengana kuwa njia za wokovu.

Waorthodoksi wanaamini kanisa lao ndilo Kanisa lenyewe, hilo hawalifichi, lakini walio nje wengi wao wanamwachia Mungu hukumu, na hata namna ya kuwapokea wanaotoka kwingine haifanani, kuna wanaobatiza upya na kuna wanaopaka mafuta tu. Waadventista nao wanasemwa vibaya kwenye hili, watu wanadai wao wanafundisha ni wao tu, wakati imani zao rasmi zinasema kanisa la ulimwengu ni wote wamwaminio Kristo kwa kweli, ila siku za mwisho wameitwa masalio, yaani waaminifu waliobaki, wenye ujumbe maalumu. Kuamini kwamba una ujumbe maalumu sio kuamini kwamba wengine wote wamepotea, tuache kuwasingizia watu.

Wapo kweli wanaosema wazi kwamba bila ubatizo wa namna yao hujaokoka, na hawa wasidharauliwe, wana andiko mkononi. Matendo 2:38, tubuni mkabatizwe kila mmoja kwa jina lake Yesu Kristo mpate ondoleo la dhambi. Wengine wanajibu kwa Mathayo 28:19, jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, na ubishi unaanza. Lakini angalia kwa makini vyeti vya yule rafiki yangu. Kanisa la pili lililomzamisha halikufundisha kabisa kwamba maji yale yanamwokoa, lenyewe linafundisha umeokoka kwa imani na ubatizo ni ushuhuda unafuata nyuma, ila hofu aliyotoka nayo pale ilikuwa kubwa kuliko fundisho lao. La tatu ndo lililofundisha kwamba maneno yale ni ya lazima kwa wokovu. Yeye alikuwa ameyachanganya yote kuwa hofu moja, na nadhani wengi tuko hivyo.

Sasa Biblia. Kila ubishi huu ukifika katikati mtu atamleta yule mhalifu msalabani, hakubatizwa, hakusali kanisa lolote, na Yesu akamwambia leo hivi utakuwa pamoja nami peponi. Ni kweli na ni neema kubwa mno. Ila yule hakuwa na kesho. Mtu mwenye kesho, mwenye miguu ya kwenda na jirani wa kusameheana naye, hawezi kujificha nyuma ya mtu aliyegongomewa misumari.

Mimi jibu naliona zaidi kwa Kornelio, Matendo sura ya 10. Ni ofisa wa jeshi la Roma, hajatahiriwa, hayuko kwenye kundi lolote la waamini. Petro anaingia nyumbani kwake kwa shida maana hata kuingia kwenye nyumba ya mtu wa mataifa ilikuwa mwiko kwake. Anaanza kuhubiri, na kabla hajamaliza, kabla mtu yeyote hajainua mkono wala kuandikwa jina, Roho Mtakatifu anawashukia wote wanaosikia. Waliokuja na Petro wanabaki wameduwaa. Mungu ametangulia, kanisa linafika nyuma yake. Na Petro anafanya nini? Hasemi basi, mmeshapata Roho, maji ya nini, kila mtu abaki kwake. Anauliza nani awezaye kukataza maji, watu hawa wasibatizwe, halafu anaamuru wabatizwe, na wanamwomba akae nao siku kadhaa. Zile siku kadhaa watu huwa wanazipita haraka. Petro akala kwao, akalala kwao, na aliporudi Yerusalemu ndugu zake wakamshambulia kwa hilo la kula, soma sura ya 11 uone. Kwa hiyo Mungu hakusubiri kanisa ili aokoe, na aliyeokolewa hakuachwa bila kanisa. Hayo mawili yamekaa kwenye sura moja na mimi sioni ruhusa ya kulitoa moja.

Na tukumbuke Wakorintho walishafika huku mapema sana, mimi ni wa Paulo, mimi ni wa Apolo, mimi ni wa Kefa, na Paulo hakuwaambia kundi lake ndo sahihi, aliuliza, Je! Kristo amegawanyika? Je! Paulo alisulibiwa kwa ajili yenu? Naye Yohana alipomwambia Yesu kwamba wamemkataza mtu anayetoa pepo kwa jina lake kwa sababu hafuatani nao, Yesu akasema msimkataze.

Kwa hiyo mimi nimesimama hapa, na nasema kwa moyo wote. Anayeokoa ni Kristo, na anakuokoa uwe kiungo kwenye mwili wake, kwa hiyo kumtaka Yesu huku hutaki watu wake haliwezekani. Lakini hakuna bango, katiba wala kitabu cha waumini kilichokufa msalabani kwa ajili yako. Haimaanishi makanisa yote ni sawa, mafundisho yana uzito na mengine yanapotosha kweli, na kuhama kwa sababu umeona ukweli zaidi ni jambo la heshima. Ila ukiona mahali wanakwambia ukitoka hapa umelaaniwa, ndugu zako walioko kwingine usiwaombee wala usiwazike, na swali ukiuliza unaitwa mwasi, hapo wamechukua kitu cha Mungu wamekifanya kufuli. Cyprian mwenyewe na ukali wake wote alikuwa anagombana na waliofunga mlango.

Nilimweleza rafiki yangu haya yote jioni ile, si kwa mpangilio huu, kwa kurukaruka tu na chai inapoa. Hakusema amekubali. Aliuliza tu kama nina uhakika kwamba wa kwanza haukuwa bure, nikamwambia kwa makanisa mengi sana ya Kikristo ule wa kwanza tayari ni ubatizo, na kwa yale yasiyoukubali bado siku ile kuna watu walikuwa wanamwombea kwa kumaanisha. Akakaa kimya muda mrefu. Bibi yake hakujua kuandika, alimbeba kwa mkono wa kushoto wakati padri anamshika ule wa kulia kuuweka kwenye wino, hiyo alisimuliwa na mama yake. Akakichukua kile cheti cha njano, akapitisha kidole juu ya lile dole gumba la bluu, akavirudisha vile viwili kwenye bahasha, hicho akabaki nacho mkononi.